Simu Iliyoita Kifuani kwa Baba wa Bibi Harusi

Naomba msinitukane kabla hamjafika mwisho. Mkifika, ruksa.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, baba wa bibi harusi alisimama meza kuu, akashika maikrofoni, akakohoa kidogo, na kabla hajatamka neno koti lake likaanza kuita.

Ukumbi mzima ulisikia. Watu zaidi ya mia mbili.

Simu iliyokuwa inaita ilikuwa yangu. Na aliyekuwa anaipiga, amekaa meza ya nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, nilikuwa mimi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi wa suti. Nina chumba kimoja cha mbele, cherehani tatu, meza ya kukatia na sanamu moja ya kuvalisha makoti, haina kichwa. Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi na mzee mmoja mpiga pasi. Mtaa mzima unamwita Mzee Mvuke, kwa sababu ukiingia pale unaona mvuke kwanza, yeye baadaye.

Si mtu wa maneno. Nikishona koti vibaya hasemi kitu. Analipiga pasi, analirudisha mezani, anageuza juu ule upande wenye kasoro, anaondoka zake. Nikiona hivyo najua nimeboronga.

Sasa, mimi nilikuwa na simu. Simu gani, tofali! Lile toleo kubwa kuliko yote, kamera zimejipanga mgongoni kama mafiga. Niliinunua kwa majivuno na majivuno yale yaliniumiza mwili. Suruali ilikuwa inashuka upande mmoja. Siku moja nimelala chali nasoma ujumbe, ikaniponyoka, ikanipasua mdomo. Mke wangu alikuwa anaiita mke mwenza.

Ila kazini ilinifaa. Kila koti nikilimaliza nalivalisha ile sanamu, natia simu mfuko wa ndani wa kushoto, nafunga vifungo, narudi nyuma hatua tatu, natazama. Kifua kikivutwa chini, nafumua naanza upya. Koti likisimama sawa na tofali lile ndani, hilo ndilo koti.

Nikishapima natoa simu, halafu napiga bandi. Ni mishono mitatu tu ya muda, ya uzi mweupe, inayofunga mdomo wa mfuko usipoteze umbo mpaka mwenye koti akate mwenyewe aanze kuutumia. Fundo la mwisho nalizungusha kwa namna niliyofundishwa na marehemu mwalimu wangu. Pale mtaani hakuna mwingine anayelifunga hivyo.

Wiki ile ya harusi nikabadilisha simu.

Nikachukua moja nyembamba, nyepesi, yaani ukiishika unajiuliza kama umeshika kitu. Niliisimamisha juu ya kidole kimoja mbele ya wateja. Niliipitisha chini ya mlango waone. Mtu mzima mimi, baba wa watoto watatu.

"Mzee, hebu shika hii."

Akafuta mkono, akaishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii simu au kadi ya mwaliko?"

Tulicheka wote. Ndiyo mara ya mwisho tulipocheka pamoja mle ndani.

Ijumaa ilikuwa siku moja kabla ya binti wa Mzee Mvuke kuolewa. Koti la mzee nilimshonea mimi, kama zawadi, la kijivu. Asubuhi nikalipima, nikapiga bandi, nikalifunika. Mzee alikuwa na rundo la nguo za kupiga pasi, kwa hiyo mkewe akapita kulichukua na kulipeleka nyumbani.

Nusu saa baadaye nikapeleka mkono mfukoni. Simu hakuna.

Mezani hakuna. Chini ya vitambaa hakuna. Nikaenda kwa jirani yangu, muuza vifungo, nikaazima simu yake nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Inaita, haipokelewi.

"Kama inaita, iko kwa mtu," akasema muuza vifungo. Alikuwa ameshanifuata mpaka ndani, mikono nyuma kama mkaguzi. "Tena mtu wako wa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Akamwangalia mzee. Na mimi nikamwangalia mzee.

Walikuwepo wateja watatu wamekaa kwenye benchi. Ningekuwa na akili ningemwita pembeni. Sikumwita.

"Mzee, simu yangu."

"Sijaiona, fundi."

"Upande huu wa meza tunapita wawili tu. Mimi na wewe."

Alisimamisha pasi. Akaichomoa kwenye umeme. Akanitazama, si kwa hasira, alinitazama tu.

"Basi nipekue."

Ndugu zangu, mtu akikwambia nipekue, anakupa nafasi ya kuona haya. Mimi nafasi ile niliikataa.

Nikampekua. Mfuko wa shati: miwani na leso. Mfuko wa suruali: funguo, na karatasi ya vitu vya harusi iliyoandikwa kwa mwandiko wa binti yake. Nikaona haitoshi.

"Vua viatu."

Mzee wa umri wa baba yangu nikamwambia avue viatu. Akainama, akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka kisigino. Wateja wawili waliangalia dari. Wa tatu, mama mmoja, alisonya, na hakunisonya mimi.

Simu haikuonekana. Hata hivyo sikuomba radhi. Nilisema, "Utakuwa umeshaipitisha kwa mtu."

Mzee akavaa viatu vyake taratibu, akafunga kamba zote mbili, akatundika aproni kwenye msumari.

"Kesho saa nane, ukumbini," akasema. "Usichelewe, fundi."

Akatoka.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu nikitegemea anipe pole. Akaweka chini alichokuwa ameshika.

"Umempekua Mzee Mvuke?"

"Simu imepotea, mke wangu."

"Simu imepotea, na akili nayo ikaenda kuitafuta?"

Hakuniongelesha tena siku ile. Mimi nikashika la muuza vifungo, ambaye alikuwa amenishauri hivi: usimpigie sasa, ataizima. Mwache ajisahau. Mpigie kesho akiwa katikati ya watu.

Kwa hiyo harusini sikwenda kama mgeni. Nilikwenda kutega. Nilimwomba mke wangu simu yake, nikamdanganya nataka kupiga picha za maharusi, nikakaa kule nyuma na namba yangu iko tayari. Mzee aliposimama, nikabonyeza.

Na ikaita kifuani kwake.

Mnataka kujua nilihisi nini? Nilifurahi. Naliandika neno hili nimeinamisha kichwa, lakini ndiyo kweli. Nilifurahi kumwona mzee yule ameumbuka siku ya mwanawe.

Nikasimama juu ya kiti.

"Si nilisema! Simu yangu hiyo! Mwizi huyo!"

Vijiko vilitulia. Bibi harusi akajiziba mdomo kwa mkono wenye glovu. Mume wake mpya akamwangalia baba mkwe, kisha akamwangalia bibi harusi. Upande wa kina bwana harusi, shangazi mtu akavuta mkoba wake karibu, na mjomba mtu, jitu la miraba minne, akasimama.

"Hii familia gani tumeingia?" akauliza. Hakuuliza kwa sauti kubwa, lakini wote tulisikia.

Koti linaendelea kuita.

"Fundi, njoo hapa mbele," mzee akasema kwenye maikrofoni.

Nikaenda. Nilitembea kifua mbele, jamani. Mke wangu alijaribu kunishika shati, nikajichomoa.

Mzee akafungua vifungo vya koti, akalifunua upande wa kushoto, akanigeuzia.

"Toa simu yako."

Nikapeleka mkono. Haukuingia. Nikasukuma. Haukuingia.

Nikainama kutazama. Mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa kwa mishono mitatu ya uzi mweupe. Mwishoni mwa mshono wa tatu lilikuwepo fundo langu.

Simu ilikuwa bado inaita mle ndani, maana hata kukata nilisahau.

"Uzi wa nani huo?"

"Wangu," nikanong'ona.

Akanisogezea maikrofoni.

"Sema wasikie."

"Wangu. Nimeushona mimi."

"Kata, basi."

Fundi hatembei bila mkasi mdogo. Niliutoa mfuko wa shati, yule mjomba mtu akaja kunishikia kitambaa nisimchome mzee. Nikakata wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaitoa simu yangu, nyembamba, inang'aa, mkononi haina uzito hata wa kitana.

Hapo nikakumbuka kila kitu. Asubuhi ile ya Ijumaa niliitia mfukoni kupima. Ingekuwa lile tofali, kifua kingevutika na ningeliona. Hii mpya haikuvuta chochote, koti lilisimama kama halina kitu. Mara akaingia mtu wa vitambaa na mzigo, nikageuka kupiga naye domo, niliporudi nikaona mfuko umelala, nikaushona. Mkono ulijua kazi yake. Kichwa hakikuwepo.

Nilitaka kusema samahani.

Mzee ndiye aliyesema.

"Wageni wetu, huyu ndiye fundi aliyenishonea koti hili. Mifuko yake huipima kwa simu yake mwenyewe. Wa kwangu ameupima mpaka harusini."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba mtu akacheka mpaka akashika meza, akarudi kukaa. Shangazi mtu akaachia mkoba. Bibi harusi nikamwona anavuta pumzi. Mzee alikuwa ameokoa harusi ya mwanawe, na mimi akaniokoa humo humo, sijui kwa nini.

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Sikuonja hata maji.

Jumatatu nikaenda kwake na mke wangu. Alitukaribisha vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikapiga magoti palepale sakafuni.

"Inuka," akasema. "Utakunja suruali, na mpiga pasi huna."

Nikainuka. Sikujua nicheke au nilie. Nikalia.

"Baba, nisamehe. Sikujua imo kwenye koti."

"Mimi nilijua," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nilijua tangu nilipolivaa. Ulipopiga Ijumaa nyumbani hapakuwa na mtu wa kuisikia. Miaka kumi na mmoja nashika makoti yako, fundi. Nivae lenye kitu nisijue?"

"Sasa mbona hukukata uzi ukaniletea?"

"Ningekuletea, ungesemaje?"

Nilijua vizuri ningesemaje. Ningesema ameogopa, ameirudisha.

"Uzi ule ndio ulikuwa shahidi wangu," akasema. "Ningeukata, ningebaki nimeshika simu yako mkononi. Kwa hiyo nikavaa koti hivyo hivyo. Nikapokea wakwe, nikampeleka mwanangu mbele za watu, na simu yako iko hapa." Akajigusa kifua. "Macho yangu yalikuwa mlangoni. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba hutakuja."

Mke wangu alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

"Nimekusamehe," mzee akaendelea. "Kazini sirudi."

"Baba, tafadhali..."

"Sirudi. Lakini kuna kazi umebakiza. Siku uliyonivua viatu walikuwepo wateja watatu. Hao harusini hawakuwepo. Mpaka leo wanatembea na habari yangu."

Nilianza kuwatafuta siku hiyo hiyo.

Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya jirani. Nilimkuta darasani, nikamweleza mbele ya wanafunzi wake, akanitazama kama anayesahihisha mtihani mbovu. Wa pili ni dereva, nilimsubiri kituoni mpaka akaingia. Alisikiliza, akasema, "Wewe bwana una roho ngumu," akapandisha kioo.

Wa tatu sikumpata. Simjui jina, sina namba yake. Nimeuliza kila duka. Muuza vifungo naye anasema hamjui, na siku hizi hata kuingia kwangu haingii.

Wiki iliyopita Mzee Mvuke alikwenda kuomba kazi kwenye duka la kufulia nguo, upande wa pili wa mji. Mwenye duka alimwambia, "Wewe ndiye yule mdokozi wa kwa fundi suti? Mteja wangu mmoja alikuwepo, aliona kwa macho yake." Mzee hakubishana. Mkewe ndiye aliyemwambia mke wangu. Nilikwenda kwa huyo mwenye duka, nikamweleza yote. Akanijibu kwamba nafasi imeshajazwa, na mteja huyo naye hamjui jina wala anakokaa.

Funzo? Mimi si wa kumfunza mtu. Nitasema hili tu: kabla hujampekua mwenzako, jipekue wewe kwanza, tena mbele ya watu, viatu umevua, uone inavyokuwa.

Niliyemwandikia hasa ni mtu mmoja. Mama, ulikuja kwangu Ijumaa na sketi ya kijani, zipu imekwama katikati. Uliona mzee anavuliwa viatu, ukasonya, ukaondoka na sketi yako.

Yule mzee hakuiba. Simu niliishona mimi kwa mkono wangu.

Wote uliowaambia, tafadhali, warudie.