Walivyoucheka Wimbo wa Mama

Baba alikuwa karani wa reli, na nyumba yetu ya Makongeni ilikuwa ya kazi. Alipofariki, tulipewa muda wa kumzika kwao, magharibi mwa nchi, na kurudi kufungasha vyombo. Mama alituhamishia Jericho kwa dada yake. Jioni, akipiga pasi nguo za watu, alikuwa akiimba midomo imefungwa, wimbo usio na neno hata moja. Tulijua ni wa Baba, kwa hiyo hatukumuuliza kitu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimpigia rafiki yangu wimbo huo kwenye kinanda cha kanisa. Tulikuwa tumekua pamoja Jericho, milango yetu ikitazamana, tukaimba kwaya moja. Yeye alikuwa na maneno, mimi nilikuwa na sauti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Siste, hapo kuna mchezo mzima."

Basi tukautengeneza. Ulikuwa mchezo wa jukwaani wa nyimbo, kuhusu mjane wa reli anayeambiwa ahame. Yeye aliandika mazungumzo na kuongoza. Mimi nilitunga nyimbo zote na kuwapanga waimbaji. Waigizaji wetu walikuwa dereva mmoja, msusi, na mabinti wa kwaya. Mazoezi tuliyafanyia katika ukumbi wa mtaa baada ya watu wa karate kuondoka, sakafu bado ina jasho lao.

Jumapili tuliyouonyesha mara ya kwanza, watu walijaa hadi madirishani. Mjane alipoanza wimbo wa Mama, wanawake wa Makongeni waliokaa mbele waliupokea, taratibu, na hakuna aliyekuwa amewafundisha. Msusi wetu, aliyeigiza mjane, alishindwa kuendelea, wakamwimbia wao.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa prodyuza wa ukumbi mmoja mkubwa wa mjini. Alituita sote wawili, lakini aliongea akimtazama mwenzangu. Hadithi ni kali, alisema, ila muziki unataka mtu wa kiwango kingine.

Tulipotoka nje nilimngoja rafiki yangu aseme kitu.

"Wacha niingie kwanza," akasema. "Nikishakuwa ndani nitakuvuta."

"Na nyimbo zangu?"

"Watazigusagusa tu. Si unaniamini?"

Nilimwamini. Ningeacha vipi kumwamini mtu niliyekula naye uji sufuria moja?

Alinivuta kweli, baada ya miezi mingi kupita. Waigizaji wao walikuwa wamelelewa mitaa ya mbali na kwetu, na hawakuweza kuimba kama watu wa Eastlands, huku kwetu; akataka nije niwafundishe. Siku ya kwanza nilimkuta kijana mmoja, msomi wa muziki, ameketi kwenye piano akiwaimbisha. Nyimbo zilikuwa zangu. Alikuwa amezivisha vinanda na ngoma, lakini zilikuwa zangu, na wote walimwita mtunzi.

Wakati wa chai nilimvuta rafiki yangu kando.

"Hizi ni nyimbo za nani?"

"Kwa sasa ni za mchezo," akajibu, akiangalia kikombe chake. "Tafadhali usiniletee vita hapa. Hata hii nafasi yako nimeipigania."

Nilibaki. Nilijiambia kwamba nikiondoka hakutakuwa na mtu wa kuzichunga. Nikawaonyesha mabinti wao mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuiacha sauti ikwaruze. Kazi yangu ilipoisha, waliendelea bila mimi.

Siku ya ufunguzi nilimpeleka Mama. Alivaa suti yake ya kanisani. Tulisubiri wimbo wake kwa mjane, lakini mjane hakuuimba. Walikuwa wamempa mhusika mwingine, jirani mlevi, wakauharakisha, naye akauimba akicheza na godoro na kuanguka nalo. Ukumbi mzima ulicheka. Bwana mmoja mbele yetu alivua miwani akajifuta machozi ya kicheko.

Mama aliniinamia. "Huo si ule wa baba yako?"

"Ndio huo."

"Sasa wanacheka nini?"

Mwishoni rafiki yangu alipanda jukwaani, ameshikana mikono na yule mtunzi, akamshukuru pia "mama mmoja wa mtaani" aliyewasaidia waigizaji kutamka, yaani mimi. Mama yangu alipiga makofi kwa sababu wenzake walipiga.

Nilimpata rafiki yangu karibu na mlango. "Ulijua ule wimbo ni wa nini."

"Watu wa huku hawawezi kukaa na huzuni mchezo mzima," akasema. "Ilibidi tuwape mahali pa kupumua."

"Na hukuona mahali pengine ila kwa mama yangu?"

Aliitwa kupigwa picha, akaenda.

Mchezo huo umeshafika nchi za nje. Siku hizi yeye hualikwa kuwafundisha vijana jinsi michezo ya aina hiyo inavyotengenezwa. Mimi nafundisha kuimba katika shule ya msingi huko Baba Dogo, na Jumamosi napiga kinanda kwenye harusi. Nimejaribu kutunga tena kwa ajili ya jukwaa. Kila nikipata sauti nzuri, nasikia watu wakicheka, na nafunga kinanda.

Mama yake rafiki yangu bado anakaa Jericho. Juzi tulikutana sokoni, akanishika mkono kwa furaha.

"Mwanangu, mwenzako hajambo? Huniambia kazi bado mnafanya pamoja."

Macho yake yalikuwa yananitazama usoni, yakingoja.

"Hajambo, mama," nikasema. "Tuko pamoja."

Nikamchukulia mfuko wake wa mboga za sukuma, nikamfikisha mlangoni.