Hesabu Yangu Imenifungia Maktabani

Jamani, nimefungiwa ndani ya maktaba ya chuo cha uuguzi hapa Msambweni, na kisa ni hesabu yangu mwenyewe.

Mwajua kazi yangu. Anayeingia namchorea kijiti kwenye karatasi ya mlangoni, anayetoka vilevile. Ripoti ya mwezi hutoka humo, na sijawahi kukosea.

Leo nilitoka kununua viazi karai, nikajichorea cha kutoka. Kurudi, mdomo umejaa, nikasahau cha kuingia.

Bi Mwanakombo, mkutubi wetu, akaona waliotoka wamelingana na walioingia. Akatia kufuli, nami niko nyuma ya makabati nahesabu majarida.

Mechi yetu huko Galu yaanza saa kumi. Nikampigia Bi Mwanakombo simu.

"Karatasi yasema umeshatoka, Hamisi. Nawe hukosei, mwanangu."

Atarudi kufungua nikitamka kwamba nimekosea.

Sasa nauliza, nani yuko karibu ana ngazi?