Namba Tisa wa Kutishia Watu

Namba tisa wetu aliumia goti Webuye, katika mechi ambayo tulikuwa tunaongoza. Mimi nilikuwa kipa. Beki alimwingia kwa pembeni, akaanguka, na hakupiga kelele. Hapo nikajua mambo ni mabaya, maana jamaa huyo alikuwa bingwa wa kulia hata akiguswa na upepo.

Timu yetu ya Kitale ilikuwa na mbinu moja tu: mpe yeye. Nikidaka mpira, nampa yeye. Kocha, mwalimu wa shule ya msingi, alichora mishale mingi ubaoni, na yote iliishia kwake. Alipoumia tukabaki kukimbia huku na huku tukitafuta wa kumpa. Tulifungwa na kila aliyekuja, hata timu tulizozoea kuzicheka, na ikawa wazi kwamba tukiendelea hivyo tutashuka daraja.

Ndipo kocha akabuni ujanja. Namba tisa avae jezi na njumu, akae benchi, goti likiwa limefungwa bandeji chini ya suruali ya mazoezi. Kipindi cha pili kikifika katikati, asimame ukingoni anyooshe mikono na kuzungusha kiuno kama mtu anayekaribia kuingia. Mabeki wa wapinzani wakimwona walirudi nyuma wenyewe, nasi tukapata pumzi. Kwa njia hiyo tulipata sare mbili. Mimi nilichukia sana. Tulikuwa tunatishia watu kwa nguo zake.

Yeye alifurahi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Si unaona vile wananiogopa?" aliniambia. "Hii goti inarudi, bana."

Kila siku ya soko alikwenda Kamukuywa kwa mzee mmoja wa kukanda mifupa, akichechemea na fimbo. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba watu wa Bungoma nao huenda soko hilo.

Mechi ya mwisho ilikuwa huko Bungoma. Sare ingetuokoa. Uwanja ulikuwa tope tupu baada ya mvua, na hadi katikati ya kipindi cha pili hakuna aliyekuwa amefunga. Kocha akatoa ishara. Namba tisa akasimama, akaanza kunyoosha mikono.

Mashabiki wao wakaangua kicheko. "Huyo hachezi! Si tulimuona Kamukuywa na fimbo?" Mama mmoja hakucheka. Alipaza sauti kwa huruma: "Mwambieni akae, ataumia bure!"

Afadhali angetutukana.

Walipata kona, na mabeki wao wote wakapanda. Nilipiga kelele turudi, lakini nani angenisikia? Beki wao mrefu, yule hasa tuliyetaka abaki nyuma kwa hofu, aliruka juu ya watu wote akafunga kwa kichwa. Mpira ulinipita nikiwa nimeteleza kwenye tope.

Filimbi ya mwisho ilipolia, namba tisa alikuwa bado ukingoni, bado ananyoosha mikono. Hakuna aliyemwambia aache. Nikamwendea nikiwa nimechafuka mwili mzima. Njumu zake zilikuwa safi.

"Huyo beki yao mrefu aliniona?" akauliza.

"Alikuona."

"Na bado akapanda?"

Nikainama, nikamsaidia kukaa.