Mpira wa Kwanza

Mpigaji wetu wa kriketi, pale uwanjani Stechford, ana vidole vilivyopinda kama tangawizi. Kabla ya kila mpira hulamba kidole gumba, hugonga gongo lake chini taratibu, kisha hunong'ona, "Haya, njoo." Zamani mipira yake ilikuwa ikivuka reli iliyo nyuma ya uwanja. Msimu huu wote amekuwa akipiga hewa, mapema mno, na vijana wa timu wameanza kumwita kikongwe wakidhani hasikii.

Jumapili iliyopita mimi ndiye niliyekuwa mpigaji mwenzake, nimesimama upande wa pili. Alipokosa tena, nikamfuata. "Kaka, unaharakisha. Subiri mpira utoke mkononi mwa mrushaji."

"Nasubiri," akasema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye nyasi. "Lakini inakuja miwili, Azizi. Wa kwanza huja kabla mrushaji hajainua mkono. Huo ndio ninaoupiga."

Nikamwambia, "Basi uache upite."

"Haupiti. Unanijia usoni."

Alirudi mahali pake. Mrushaji akaanza kukimbia, na kabla hajainua mkono, nilimwona kaka amekaza taya, gongo limetulia kabisa. Kichwa chake kikarushwa nyuma kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha mpira ukaja, naye akaupiga. Ukapaa juu ya miti ukatupotea, na vijana wote wakapiga mayowe. Yeye alibaki amesimama akitabasamu, huku damu ikimtiririka kutoka juu ya jicho.