Plamu za Subukia na Jina la Kageha

Harufu ya plamu zilizoiva mpaka zikaanza kuchacha chini ya miti ndiyo inayonirudisha Subukia hata leo. Si harufu mbaya. Ni tamu, nzito, ina ukali kidogo kama wa pombe, na ukiivuta sana kichwa kinakuwa chepesi. Wengine wakiinusa hupata hamu ya kula. Mimi macho yangu huanza kutafuta njia ya kutokea iko wapi. Nilikuwa na miaka tisa hivi, katikati ya miaka ya hamsini, Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ikiwa imepamba moto. Tulikaa Nakuru katika landi, yale mabanda marefu ya wafanyakazi wa reli, kwa kuwa baba yangu alikuwa ametoka Maragoli, kule Magharibi, akapata kazi ya ufayamani, ya kuchochea moto kwenye garimoshi.

Mwaka ule Memsabu mmoja wa Kizungu, mjane, mwenye shamba la plamu huko Subukia, alikuwa amepata mkosi. Wachumaji wake walikuwa Wakikuyu, na serikali ilikuwa imewazoa karibu wote, wanaume kwenye kambi za kizuizini, wanawake na watoto kwenye malori ya kuwarudisha rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Matunda yakawa yanaangukia nyasi. Basi akatangaza mjini kwamba kila Jumamosi lori lake litasimama karibu na soko, na familia yoyote inayotaka ipande, ikajichumie yenyewe. Ulilipia kikapu kikishajaa. Ulichokula ukiwa mtini kilikuwa bure. Langoni mwa shamba wanawake walitandaza magunia wakauza mayai, mtindi na mahindi ya kuchoma, na watoto wa landi walilizungumzia shamba lile kama Krismasi ya pili. Nami nilililia kwenda mpaka mama akachoka kunisikia.

Lakini Jumamosi tuliyokwenda, sikuwa na furaha hata chembe. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemsikia mama akinong'ona na Mama Njeri, rafiki yake aliyefulia watu nguo nyuma ya landi. Kuta zetu zilikuwa nyembamba na mimi nilikuwa mdaku. Mume wa Mama Njeri alikuwa kizuizini. Binti yao, Njeri, mtoto wa miaka mitano, alikuwa kwa bibi yake kwenye shamba lilelile la plamu, na habari zilikuwa zimefika kwamba bibi na wale wachache waliobaki wangepakiwa lori wiki inayofuata. Mama Njeri hangeweza kutoka mjini bila pasi ya serikali, na pasi alikuwa amenyimwa. Mtoto akipakiwa, nani angejua ameshushwa upande gani wa rizavu, na kwa nani? Mama yangu akamwambia, "Kesho naenda kuchuma. Nitarudi naye." Akasema vile vile anavyosema ataleta mboga ya sukuma kutoka sokoni. Mimi kitandani nikaanza kuhesabu yatakayotupata. Baba alikuwa safarini Kisumu na hakujua lolote. Tukikamatwa, mama angefungwa, baba angepoteza kazi, na pamoja na kazi, nyumba.

Kulikuwa na kizuizi barabarani. Asubuhi ile askari mmoja alichungulia ndani ya lori, mrefu, mapengo ya chini yakionyesha kuwa ameng'olewa meno kwa desturi ya kwetu, kama baba yangu. Alipomsikia mama akizungumza nami, akatabasamu, akanisalimu kwa lugha yetu, "Mirembe." Nikajibu. Mama naye alijibu vizuri sana, lakini mkono wake ulikuwa umenibana bega hadi likauma, na mara nikaelewa kwa nini. Sasa kulikuwa na mtu aliyejua kuwa mama anakwenda na mtoto mmoja tu.

Shambani watu walitawanyika kati ya miti wakicheka, watoto wakipanda juu, midomo imekuwa myekundu. Mama alinivuta mpaka safu za mwisho, karibu na vibanda vya wafanyakazi, na hapo bibi yake Njeri alikuwa anangoja. Hawakuzungumza mengi. Bibi alikuwa amemwogesha mtoto na kumpaka mafuta. Akamshika kichwa, akasema maneno ya Kikuyu ambayo sikuyaelewa, kisha akageuka na kwenda zake kabla mtoto hajaanza kulia. Nilimchukia kwa kwenda haraka vile. Nilipokuja kuwa na watoto wangu ndipo nilipomwelewa.

Basi tukachuma. Na mama akaanza kumfundisha kujibu kwa lugha yetu. Kila plamu aliyoikata, hakuitia kikapuni mpaka Njeri aseme jina lake jipya. "Wewe nani?" Plamu iko hewani. "Kageha." Plamu inaingia kikapuni. Akikosea na kusema Njeri, plamu inarudi nyuma na tunaanza tena, polepole, bila ukali. Mimi niliacha kuchuma. Kageha alikuwa mdogo wangu, aliyekufa kwa surua mwaka mmoja kabla, na tangu siku ya maziko mama hakuwahi kulitamka jina hilo, wala hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Sasa alikuwa analigawa mtini, mara baada ya mara, sauti kavu, macho makavu. Niliona wivu, niliona hofu, na nilitaka kumwambia aache. Kikapu kilipojaa, mtoto alikuwa amelijua jina kuliko mimi.

Jioni lori liliposimama kwenye kizuizi, mama alitutia plamu mdomoni, mimi moja na Njeri moja kubwa. "Tafuneni." Nilielewa. Kwetu mtoto hamsalimii mkubwa chakula kikiwa mdomoni, na mama alitumaini adabu hiyo ingetuvusha. Askari mmoja akapiga kelele, "Iko Mkikuyu ndani ya hii gari?" Kisha yule mrefu wa asubuhi akaja upande wetu, akanitazama, akamtazama Njeri.

"Asubuhi nilimwona huyu mkubwa," alimwambia mama kwa Kiragoli. "Huyu mdogo alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala miguuni pangu."

"Mtoto, unaitwa nani?"

"Ana chakula mdomoni, baba," mama akasema.

"Basi atafune. Nangoja."

Akangoja kweli. Njeri alitafuna, maji mekundu yakimtiririka kidevuni, nami nikaona akifika kwenye kokwa na kutojua la kufanya nayo mbele ya mtu mzima mwenye bunduki. Akaimeza. Nilisikia koo lake. Kisha akasema, wazi, bila kigugumizi, "Kageha."

Hapo mama akalia. Alikuwa amelisikia jina lile siku nzima, lakini mbele ya mgeni lilimshinda, akajifunika uso kwa leso na mabega yakatikisika. Nikajua tumekwisha. Askari alimtazama mama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Alijua, nina hakika alijua. Akaupiga ubavu wa lori kwa kiganja na kumwambia dereva, "Haya, enda, enda!"

Mama Njeri alimpokea mwanawe gizani nyuma ya landi, na wiki nzima Njeri alinisumbua akiuliza mti utamwota tumboni lini.

Siku hizi watu hulipa langoni ili wachume wenyewe, na hakuna anayeuliza kabila la mtu aliye garini. Mwaka jana wajukuu walitupeleka shamba la stroberi upande wa Lanet, mimi na Njeri, ambaye sasa anakaa mtaa wa Free Area, hapo hapo Nakuru, na ana wajukuu wengi kunishinda. Watoto walijaza vikapu, wakajipiga picha, wakala kuliko walivyochuma. Nilijiambia nifurahi, na nikajaribu. Lakini kwenye lango la kutokea alikuwepo kijana wa ulinzi, mwenye adabu zake zote, akipokea vikapu vya kupimwa. Akamgeukia Njeri, ambaye alikuwa bado anatafuna.

"Mathe, hiki niandike jina gani?"

Njeri aliacha kutafuna. Akameza. Akasimama wima kabisa, mwanamke mzima wa mvi, akasema, "Kageha."

Wajukuu wake wakamwangulia kicheko bibi yao. "Cucu, wewe si Kageha!" Njeri hakucheka. Mkono wake ulikuwa umeshaupata wangu, nao ulikuwa baridi.

"Andika hivyo hivyo, kijana," nikamwambia. "Huyu ni mdogo wangu."