Mpiga Taipu wa Bwana DC

Barua zote za Bwana DC, mkuu wa wilaya, kwenda kwa serikali ya London zilipitia vidoleni mwa mpiga taipu wake wa pekee. Mimi nilikuwa karani wa mafaili, meza yangu ikitazamana na yake, kwa hivyo katika miaka ile ya Hali ya Hatari niliijua mikono yake kuliko uso wake. Ilikuwa mikono mipana ya mkulima wa Mbeere, lakini ikigusa taipureta ilikuwa myepesi kama inachagua mbegu. Kila asubuhi alipuliza vumbi kwenye herufi, akapanga karatasi tatu na kaboni mbili, kisha akakaa wima akisubiri kusomewa. Hakukosea, wala hakuuliza neno.

Aliuliza siku moja tu. London ilitaka kujua hali ya kambi ya kizuizini, na Bwana DC akasoma: "Hakuna aliyefariki." Mashine ikanyamaza.

"Bwana, si wiki iliyopita tulizika wanane? Orodha nilichapa mimi."

"Chapa nilivyosema. Ama unataka kuingia kambini nawe?"

"Naweza kuingia, Bwana. Lakini hata hiyo amri ya kunifunga itabidi niichape mimi."

Hakusema kwa ujeuri. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuomba utepe mpya wa mashine. Bwana DC alitazama dirishani, kisha akasema, "Weka wanane."

Mpiga taipu akaandika kwa tarakimu, halafu akaandika tena kwa maneno, ili London wasije wakasema hawakuona vizuri.