Mtutu wa Mekoni

Jumatatu, manyunyu tangu alfajiri. Nimenusa chuma kilichopakwa mafuta ya nazi, nikaikumbuka bunduki ya baba. Ilikuwa na mitutu miwili ya kubadilisha, mmoja wa nyati, mmoja wa kanga.

Serikali ilipokusanya bunduki, mama aliapa, "Nzima hawaipati." Askari akapewa bunduki na mtutu wa nyati tu.

"Na ule wa kanga, mama?" askari akauliza.

"Tafuta, mwanangu. Nyumba ni yako."

Mama alikuwa ameinama mekoni, akipuliza moto kwa mtutu huohuo. Askari alipekua hadi vitandani, kwa adabu, lazima niseme. Labda aliuona, sina hakika.

"Ukiupata, tuletee."

"Nikiupata!" Akapuliza tena, majivu yakamrukia askari miguuni.

Jioni tulikula sima na kunde, zimeiva barabara.